Kigari Kisichojua Kurudi Nyuma

"Wapendwa, kuna mheshimiwa hapa na kigari chake. Amekuja bila kadi, anaomba arudishwe alikotoka." Hivyo ndivyo MC alivyotangaza, Jumamosi ya wiki juzi, kwenye send-off ya binti wa watu nisiowajua. Hema zima likageuka. Mheshimiwa ni mimi, na masikio bado yananiwaka.

Nilikuwa nimekaa sentimeta chache juu ya ardhi, helmeti kichwani, mikanda imenibana mabega na mapaja hata kujikuna siwezi, ndani ya gari la mashindano lililoundwa kwa mabomba ya chuma na kutiwa injini ya pikipiki. Uwanja wa shule tulioukodi kwa majaribio ulikuwa umekodishwa pia kwa sherehe, na aliyepokea hela zote mbili hakuona tatizo. Nikakata kona nyuma ya madarasa, nikaingia uchochoroni: kushoto turubai, kulia masufuria ya pilau, mbele meza ya keki ya ghorofa. Nikafunga breki, keki ikapona.

Sasa kutoka. Injini ya pikipiki haina gia ya rivasi. Walioiunda Japani walikuwa na hoja yao: pikipiki ya mbio haifiki kilo 200, unaweka miguu chini unaisogeza mwenyewe. Honda walipoleta Gold Wing mpya mwaka 1988, dude zito ajabu, ndipo walipomhurumia mwenye nayo wakaipa mota ya kuwashia kazi ya pili, kuirudisha nyuma. Miguu yangu mimi ilikuwa imenyooshwa mbele, imefungiwa ndani ya mabomba.

Mama mmoja akaja na mwiko mkononi. "Mwanangu, si urudi tu?"

"Haina rivasi, mama."

"Haina nini?" Akawageukia wenzake wa jikoni. "Ati haina rivasi!"

Habari ikafika kwa MC kabla sijavua glovu. Na kana kwamba hiyo haitoshi, nyuma yangu bajaji iliyoleta kreti za soda ikarudi kinyumenyume hadi jikoni, taratibu, kwa madaha, dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja. Bajaji ina rivasi. Akanichungulia humo chini akaniuliza kigari kama hiki ni bei gani. Nilipomtajia, alinipa pole.

Hatimaye wajomba wa bibi harusi mtarajiwa wakavua makoti, wakainua pua ya gari, wakanigeuza nikiwa humo humo. DJ akawapigia wimbo aliouandaa kwa ajili ya kuingiza keki. Watu walitunza. Wallahi, kuna noti ya elfu mbili niliikuta kwenye kiti.

Nimeulizwa sana kwa nini nijitese hivi wakati injini za magari zimejaa tele. Kwa sababu injini ya pikipiki ni kitu cha ajabu! Ndani ya kasha moja unaloweza kulibeba na mwenzako kuna injini, klachi na gia sita. Ya cc 600 inatoa zaidi ya nguvu farasi 100. Charles Cooper na mwanawe John waliliona hilo zamani, pale Surbiton, Uingereza. Mwaka 1946 walichukua sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, wakaziunga mgongo kwa mgongo, wakatia injini ya JAP ya silinda moja, cc 500, nyuma ya dereva. Hawakuwa na nadharia yoyote: pikipiki huvuta tairi la nyuma kwa cheni, na cheni ndefu ni balaa. Stirling Moss alianza kutamba na gari la namna hiyo mwaka 1948. Mwaka 1959 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia wa Formula 1 kwa Cooper yenye injini nyuma, na leo magari yote ya Formula 1 yamekaa hivyo. Yote hayo kwa kuikwepa cheni ndefu.

Ila injini hiyo ina imani moja ya kuzaliwa nayo: kwamba kwenye kona kila mtu hulala. Pikipiki inalala, kwa hiyo oili inabaki chini kwenye sampu, bakuli lake la chini ya injini, kama maji kwenye ndoo unayoizungusha kwa mkono. Gari halilali. Kwenye kona ambayo kani ya kulitupa nje imelingana na uzito wake, oili hupanda ukuta wa sampu kwa nyuzi 45, na bomba la kufyonzea linabaki kufyonza hewa. Wakati huo injini inazunguka mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kila sekunde, na beringi za konrodi hazina kinga nyingine zaidi ya utando wa oili. Kona moja ndefu, na umebaki na chuma chakavu. Fundi wangu alichomelea ndani ya sampu vimlango vya bati vinavyofunguka upande mmoja tu: oili inaingia kwenye bomba, kutoka haiwezi. Hakufundishwa na mtu. Alifungua, akatazama, akaguna, akaanza kukata bati.

Jumanne cheni ikakatika. Alhamisi ekzosi ikaniunguza suruali.

Jumamosi iliyopita tukaenda mashindanoni. Mimi nilipewa pasi ya shingoni, maji ya chupa na kiti kivulini. Fundi alizuiwa getini, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya dereva, mdhamini na mgeni wa mdhamini. Ya fundi haikuwapo. Kijana ambaye mikono yake imelishika kila boliti la gari lile alikuwa akichungulia mbio kwenye tundu la uzio. Wenye mahema pale ndani, wengi wao, hawajui hata plagi iko wapi, na hakuna anayewauliza.

Kwenye mstari wa kuanzia, waya wa klachi ukakatika. Msimamizi akaja mbio na bendera yake: "Fundi wenu yuko wapi?"

Nikamwonyesha uzio.

"Basi aingie haraka," akasema. "Ila akate tiketi."

Nikakata mimi. Risiti ninayo.