Jinsi ya Kuhakiki Hadithi Fupi Usiyoisoma

Umealikwa Raskazone, Tanga, jioni, ufukweni. Watu watano, birika la kahawa, na mjadala wa hadithi fupi moja ya kurasa nane. Kitabu unacho tangu mwezi jana, kimefungwa kwenye keria ya baiskeli. Usihangaike. Edgar Allan Poe, Mmarekani, aliandika tangu 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa mkao mmoja. Hakusema mkao wa nani.

1. Chelewa kidogo. Anayewahi huulizwa, "Umeionaje?" Anayechelewa huulizwa alikuwa wapi, na jibu la hilo unalo. Amkia wakubwa, pokea kikombe, kaa ukielekea kisiwa cha Toten. Anayetazama bahari hudhaniwa anafikiri.

2. Kimbilia fani. Maudhui ni yanayosemwa, fani ni namna yanavyosemwa. Asiyesoma asikanyage maudhui: huko ndiko kuna nani kamwoa nani na nani kafa. Wewe sema polepole, "Mimi fani ndiyo iliyonigusa." Hakuna hadithi isiyo na fani.

Ukibanwa, taja dhamira, tena kwa neno moja: usaliti, tamaa, mapenzi. Ujumbe usiuguse. Mapenzi ni dhamira. "Mapenzi bila uaminifu huvunja nyumba" ni ujumbe, na sentensi nzima ina nafasi nyingi za kukosea.

3. Chungulia majina ya wahusika. Shaaban Robert, mtu wa kwetu, mzaliwa wa Machui, alituhurumia sana sisi wavivu. Katika Adili na Nduguze, 1952, mwema ni Adili, na nduguze wabaya ni Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika, waziri mshtaki ni Majivuno. Mbinu hiyo ni majazi: jina limebeba tabia ya mwenyewe. Kwa mwandishi wa namna hiyo, orodha ya majina ni nusu ya uhakiki.

Balaa ni hawa wa siku hizi, wanaowaita watu wao Juma na Rehema tu. Hapo shika maumbo. Mhusika bapa habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika duara hubadilika kadiri mambo yanavyomkuta. Usiseme nani ni nani. Sema, "Mwanzoni nilimwona bapa, lakini..." kisha nyanyua kikombe unywe. Hiyo "lakini" waachie wenzako. Watabishana mpaka birika lipoe, na kila mmoja ataamini ulikuwa upande wake.

4. Mgogoro uko wa mtu na mtu, wa mtu na jamii, na wa mtu na nafsi yake. Chagua wa nafsi. Miwili ya kwanza lazima ionekane kwenye karatasi. Wa nafsi nani atakukatalia? Mandhari, yaani mahali na wakati wa hadithi, sema tu kwamba yanauchochea mgogoro huo. Endelea mbele.

5. Kwenye msuko, usithubutu kueleza matukio yanavyofuatana. Uliza wewe: "Mmekiona kile kisengere nyuma?" Ni pale hadithi inaporudi kwenye yaliyopita, na waandishi wachache huvumilia kurasa nane bila mtu kukumbuka jambo. Usijisumbue kukitafuta. Hapakosekani dada mmoja aliyepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Huyo ndiye kitabu chako. Kaa karibu naye, msogezee kashata, na kila akisema jambo itikia, "Hapo hapo, dada!"

6. Ukiulizwa habari ya mwisho, sema mwandishi katuacha na taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata. Wakikwambia mhusika mkuu alikufa akazikwa, jibu kwamba taharuki yako wewe haijazikwa.

7. Tanga hii, waja leo kuondoka majaaliwa. Usishangae mwandishi mwenyewe akitokea na taulo begani, ametoka kuogelea. Usikimbie. Mfaransa Roland Barthes alikwisha kutangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967: maana ya kazi huzaliwa kwa msomaji, na nia ya aliyeandika haina kauli ya mwisho. Basi simama, toa shikamoo, mpishe kiti, umweleze kwa upole kwamba kitaaluma yeye ni marehemu.

Akikuuliza, "Sawa, kijana, na msomaji ni nani hapa?" mwoneshe yule dada mwenye kalamu nyekundu.