Malaria ya Kalimoni: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: PONGEZI

Salamu kutoka Kalimoni, hapa Juja, kati ya Ruiru na Thika. Huku kila homa ni malaria na taifodi, na haziji ila pamoja. Wataalamu wanasema nyanda hizi za juu hazina malaria nyingi. Labda hawajapita kliniki zetu. Mtoto akichemka mwili, anatobolewa kidole, anapimwa Widal, kipimo kinachoweza kuonyesha taifodi hata kwa aliyepona zamani, kisha mama anaandikiwa dawa tatu kwa mwandiko ambao mwenye kemisti peke yake anaujua, naye pia hukisia.

Mara nyingine kosa halina mzaha. Tuseme mama anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Anameza vidonge mwaka mzima, halafu anaambiwa ni saratani. Akitaka kuishtaki hospitali ya serikali kwa uzembe, sheria inampa miezi 12. Ya binafsi, miaka 3. Yaani mgonjwa wa serikali anatakiwa ajue haraka, akasirike haraka na apate wakili haraka kuliko wa hospitali ya binafsi. Foleni ya kumwona daktari bingwa, hiyo haina haraka.

Na ushahidi? Faili lake liko kwa hospitali hiyohiyo anayoishtaki. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kulipata, lakini jaribu kukitaja dirishani pale rekodi, uone utakavyotazamwa. Kisha atafute daktari wa kumsahihisha daktari mwenzake mbele ya hakimu. Hapo taaluma nzima hupatwa na kikohozi.

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mtu alipasuliwa fuvu kutafutwa damu iliyoganda, kumbe iko kichwani mwa mwingine. Majina yalikuwa yamechanganywa. Saa zikapita kabla ya kugundulika kwamba humo hamna kitu. Ugonjwa ulitambuliwa sawasawa, Mheshimiwa. Aliyekosea ni mgonjwa.

Ninyi mnaweza kumsimamisha daktari kazi. Fidia ni ya mahakama. Wengi huku hawajui hata hilo. Basi bandikeni katika kila hospitali, kando ya bei ya sindano, kwa Kiswahili: namna ya kuwaletea malalamiko, na hiyo miezi 12. Nawe msomaji, usitoke hospitalini bila nakala ya rekodi zako.

Wenu foleni,
Mkazi wa Kalimoni