Mwongozo wa Naivasha kwa Mgeni wa Safari Rally

Ondoka Nairobi alfajiri. Ni kilomita 90 hivi tu. Kila aliyepewa ushauri huu naye ataondoka alfajiri, kwa hiyo mtakutana nyote juu ya Bonde la Ufa, foleni imesimama, mkibembelezwa kununua kofia za ngozi ya kondoo. Nunua. Una muda.

Chumba utakachopewa Naivasha ni kile kile cha Januari: godoro lile, bomba lile linalokohoa. Bei tu ndiyo iliyoingia mashindanoni.

Usivae nyeupe. Vumbi la Kedong ni majivu ya volkano, laini kama unga, na madereva huliita fesh-fesh. Gari huzama ndani yake, sembuse shati. Utasikia helikopta, kisha mngurumo, kisha hutaona kitu. Mwenzako akiuliza ni nani huyo aliyepita, jibu "Toyota" kwa sauti ya mtu anayejua. Kuanzia 2021, mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, hadi 2024, Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä walipokezana ushindi, na wote waliendesha hiyo hiyo.

Karibu nawe atakuwepo mzee mwenye fimbo. Usimbishie. Atakwambia hii si Safari. Safari ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikakata Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara zikiwa wazi, ng'ombe na mabasi wakigombea njia na washindani. Atamtaja Joginder Singh mara tatu, kwa kuwa alishinda mara tatu, kisha Shekhar Mehta mara tano, kwa hesabu hiyo hiyo. Atakapomaliza, magari manne yatakuwa yameshapita. Hujakosa lolote, mzee ana habari nyingi kuliko vumbi.

Tangu 2024 mbio hufanyika Machi badala ya Juni, na mvua ikija, vumbi lote hilo hugeuka tope. Magari ya mashindano hufungwa bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mtoni. Probox ya shemeji yako nayo ni Toyota, lakini bomba haina. Usiifuatishe.

Kona ya nje ina nafasi tele ya kusimama. Jiulize kwa nini.

Ukipiga hema kando ya ziwa, usitoketoke usiku. Viboko hupanda nchi kavu kula nyasi gizani, na utepe wa wasimamizi hawautambui.