Kukaanga Ngisi Bila Kazi

Hivi nani alinidanganya nijifunze Kikantoni? Ni mshikaji wangu Mkongomani. Huku Hong Kong tumekuja kusaka simu za jumla pale Chungking Mansions, jengo la Nathan Road, na mle ndani Kiingereza changu cha kuombea maji kinatosha kabisa. Yeye kang'ang'ana: jifunze misemo bwana, Wachina watakushushia bei!

Haya. Kanipa chaau yau yu. Kukaanga ngisi. Maana yake kufukuzwa kazi, kwa sababu ngisi akiguswa na moto anajikunja, na zamani mfanyakazi akitimuliwa alikunja matandiko yake akaondoka. Tamu, eeh? Ila mie kazi yenyewe sina. Nitakaangiwa ngisi na nani? Kanipa na sik ning mung, kula limau. Hapo ndiyo unapigwa kibuti na demu. Hayo malimau nayajua tangu Kariakoo, sikuhitaji kupanda ndege.

Basi nikaingia mgahawani, njaa inauma. Mama mhudumu kaniangalia, kapaza sauti: leng jai! Mtanashati! Jamani. Nyumbani hata mama mzazi hajawahi kuniita hivyo. Nikavuta tumbo ndani, nikaweka kola sawa, nikatabasamu na meno yote. Likaja bakuli la wali mtupu, likapita mbele ya pua yangu, likatua meza ya jirani. Kumbe kwenye migahawa yao leng jai ndilo jina la wali mweupe. Alikuwa anaagiza jikoni. Meno yangu bado yako nje, babu wa jirani anayatazama huku anakula mtanashati wake.

Na toni je? Sita! Kununua ni maai, kuuza ni maai, tofauti ni kusukuma sauti juu kidogo. Mie yangu inalala chini tu. Nimesimama dukani, hela mkononi, namsisitizia mwenye duka kwamba nauza. Ananiuliza kwa mikono, mzigo uko wapi? Namwonyesha simu zake mwenyewe. Kamgeukia mwenzake, wakacheka: gai tung aap gong. Kuku anaongea na bata. Huo niliudaka wote, tena bila mkalimani.

Ndugu yangu, ukija huku beba kalkuleta. Anabonyeza bei yake, unabonyeza yako, mnamalizana.