Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: wafadhili wa michezo tunaomba risiti

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

Yah: Maombi ya kutambuliwa kuwa wafadhili wa michezo nchini

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni vijana wa vyuo, Mbinga mjini na ukanda wa Ziwa Nyasa, Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Tunadai kitu kidogo: risiti.

Katika bajeti ya 2021/22 Serikali iliamua kwamba asilimia 5 ya kodi itokanayo na kubeti matokeo ya mechi iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Wengi walidhani habari hiyo inayahusu makampuni. Sisi tulijitambua mara moja. Jumamosi kijana anaweka buku lake la chakula cha mchana kwenye timu saba za Uingereza. Sita zinashinda, ya saba inasawazishiwa dakika ya 90, mkeka unachanika. Analala njaa, lakini taifa limeingiza chochote. Na kwa kuwa kampuni inatozwa kwenye kile kinachobaki baada ya kuwalipa washindi, kadiri tunavyoliwa ndivyo Mfuko unavyonenepa. Siku mikeka yote ikitiki, michezo ya Tanzania itakosa hela. Kwa uzalendo huo tunajitahidi kushindwa kila wiki, na TRA ndiyo iliyotufundisha kudai risiti.

Bajeti hiyohiyo ilisamehe VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira, mradi viwanja viwe ndani ya majiji na nyasi ziidhinishwe na TFF. Tukafungua ramani. Jiji la karibu nasi ni Mbeya. Mbinga ni mji, Nyasa ni wilaya, na hata Songea, makao makuu ya mkoa, ni manispaa. Nyasi zetu huota zenyewe masika, hazijaidhinishwa na yeyote, na mbuzi huzila bila kibali. Ila mpira wa kuchezea juu ya nyasi hizo, ukinunuliwa taslimu kwa risiti halali, una VAT ya asilimia 18 ndani yake. Jezi vilevile, wavu vilevile. Aliyetandika zulia la kijani Dar es Salaam kasamehewa. Anayepiga danadana vumbini anachangia pato la taifa.

Nauli je? Mwanachuo wa ualimu anayetaka kufika UMISAVUTA, michezo ya vyuo vya ualimu nchini, huchangishana na wenzake, hela zikipelea wanabisha hodi halmashauri. Halmashauri za huku zinaishi kwa kahawa, na mwaka 2017 sheria ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Hatulalamiki, waliopumua ni wazazi wetu, Wamatengo wanaolima kahawa na kuchimba mashimo ya kilimo cha ngolo milimani. Lakini kapu likipungua, hakuna diwani atakayekata dawa za zahanati ili timu ya chuo ipande basi kwenda Songea. Nasi tusingemwomba afanye hivyo.

Marekani nako mwaka 2017 walibadili sheria. Awali, mtu aliyekichangia chuo ili apate haki ya kununua tiketi za viti vizuri uwanjani aliruhusiwa kuondoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Unafuu ukafutwa, vyuo vikalia. Tumewapa pole. Kwetu kiti kizuri ni tangi la bodaboda, na halijawahi kupata unafuu wowote.

Mheshimiwa, njia nyepesi ni kuitangaza Mbinga kuwa jiji kwa wiki moja kila mwaka, tufanye manunuzi, kisha turudi kuwa mji. Hilo likishindikana, Sheria ya Fedha ijayo iandike kwamba sehemu ya ile asilimia 5 ifike vyuo vya wilayani, na kiasi kilichopelekwa kila mkoa kitangazwe hadharani kila mwaka. Msamaha wa VAT nao ufuate mpira, jezi na wavu, uache kuangalia hadhi ya mahali kiwanja kilipo. Bajeti husomwa Juni. Tunaomba vifungu hivyo viwemo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wanachuo wa Mbinga na Nyasa

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa, TFF, kwa ukaguzi wa nyasi zetu.