Daluga, Mama Mkwe na Magugu ya Ziwa

Mwanamume aliyetundika daluga zamani hana shahidi wa kumpinga, na hapo ndipo matatizo huanzia. Wanangu wamekua wakisikia jinsi baba yao alivyokuwa winga hatari kule Mombasa, jinsi mabeki wa Tononoka walivyougua ghafla kila wakisikia yumo kikosini, na jinsi mguu wake wa kushoto ulivyojulikana kuanzia Kisauni hadi Likoni. Kila mwaka nilikuwa nawaongezea bao moja. Mama yao, ambaye alinifahamu baada ya enzi hizo, alikuwa akiguna tu na kuendelea kuchambua mboga. Lakini sifa ni deni, na deni hudaiwa siku ambayo mfukoni hamna kitu.

Langu lilidaiwa Kisumu, wikendi ya Madaraka, mwaka ambao Juni 1 iliangukia Jumatatu. Mpango wa safari ulikuwa wa mke wangu, mzaliwa wa huko, tena aliuandika kwenye karatasi: kumsalimu mama, kutembelea miamba ya Kit Mikayi, kuwaonyesha watoto swala pala wa Kisumu, kupanda mashua Dunga, kula samaki. Mpira haukuwamo. Ila chini ya nguo za watoto nilikuwa nimesunda daluga zangu, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Na kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, msomaji anaweza kukisia umri wa viatu vyenyewe.

Njiani nilikuwa na matumaini makubwa. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130 hivi. Nikapiga hesabu kwamba nateremka zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo pumzi nitazikuta chini zikinisubiri. Kericho kulikuwa na mvua, majani chai na kitinda mimba wangu akitapika. Ahero tukapokewa na mashamba ya mpunga, matikiti yaliyopangwa kando ya barabara, na joto. Joto halikuwamo kwenye hesabu yangu.

Tukapanga vyumba Milimani, kwa sababu kwa desturi ya Waluo mkwe halali kwa wakweze. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuachiana nafasi: hawataniani, hawakaziani macho na, hili sikuhitaji kuelezwa, hawaonyeshani mapaja.

Siku ya Dunga, mama mkwe alikuja na sisi kula samaki. Nikahakikisha ameketi vizuri kibandani, ngege mzima mbele yake, ugali wa mtama na mboga ya osuga pembeni. Kisha nikasema nanyoosha miguu. Uwanja ulikuwa hatua chache tu kutoka majini, vumbi tupu, magoli ya miti, na timu mbili zilizopungukiwa mtu mmoja. Kijana mwenye jezi ya kijani akanitazama kuanzia kichwani, akatulia kidogo tumboni, akauliza kwa adabu zote anazostahili mzee: "Jaduong', unacheza ama unatushikia nguo?"

Kisumu si mji wa kuleta mzaha kwenye mpira. Hii ni ngome ya Gor Mahia, klabu iliyoundwa 1968 na ambayo mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuizidi Espérance ya Tunis kwa mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la bara. Jina lake ni la mganga wa zamani anayesimuliwa kwamba alikuwa akijigeuza umbo apendavyo. Mimi pia nimegeuka umbo, ila bila uganga, na halirudi.

Niliingia. Watoto wakajipanga kando ya mstari, wakangoja yule winga wa Mombasa. Pasi ya kwanza nikaituliza vizuri kabisa. Ya pili nikaikimbilia, na soli ya mguu wa kushoto ikabaki nyuma. Haikung'oka yote, ilishikilia kisiginoni na kufungua mdomo mbele, kila hatua ikichota vumbi na kulimwaga kwenye soksi. Gundi ilikuwa imekufa zamani, msumarini.

Karibu na goli alikuwa ameketi mvuvi akishona wavu wa omena. Akaniita kwa mkono. Hakusema neno. Aliushika mguu wangu, akauweka juu ya goti lake, akaanza kupitisha sindano na uzi wa nailoni kati ya soli na ngozi, akivuta kila fundo kwa meno, na kiatu chenyewe kikiwa bado mguuni. Nilipotaka kumlipa alikataa. Aliniomba jambo moja tu: nisimwambie mtu ni nani aliyekishona.

Kiatu kile hakikufunguka tena, nalo ndilo lililoleta balaa. Tulipata mpira wa adhabu nje kidogo ya eneo la hatari. Nikauomba. Binti yangu mkubwa akatoa simu arekodi. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaja, nikaukung'uta kwa nguvu zote za Mombasa. Mpira ukapita juu ya goli, juu ya kina mama waliokuwa wakikaanga mbuta, juu ya mashua zilizoegeshwa, ukaingia ziwani.

Sasa ziwa lile lina mambo yake. Magugu maji, mmea wa kutoka Amerika Kusini ulioingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hayana makazi. Husafiri na upepo. Asubuhi tulikuta maji meupe mpaka upeo wa macho. Alasiri upepo wa ziwani ulikuwa umeyasukuma yote ufuoni, na mbele yetu palikuwa na kitu kama shamba la kabichi linalopumua. Mpira ulizama humo. Ulikuwa mmoja tu, na sheria ya pale ni fupi: aliyeupiga ndiye anayeufuata.

Mwenye mashua hakutaka kusikia habari za mpira. Bei ni ya safari, akasema, uwe unafuata mpira au unafuata viboko. Nilipolipa, mke wangu akatoa karatasi yake, akaitazama, akawapandisha watoto wote. "Baba watoto, hii ndiyo ile safari ya mashua," akasema. "Ingia."

Tukazunguka humo hadi nahodha akakata tamaa. Watoto waliona furukombe, waliona mdiria, waliona na kiboko akitoa masikio majini, tukageuza haraka. Mpira hatukuuona.

Aliyeuona ni mama mkwe. Tangu nilipoingia uwanjani na kaptura alikuwa, kwa heshima zake, ameugeuzia mchezo mgongo na kukazia macho ziwa. Hivyo katika watu wote wa Dunga, yeye peke yake ndiye aliyeshuhudia ulipoangukia. Akasimama ufuoni akatuelekeza kwa mkono, kushoto, kushoto zaidi, hapo hapo, nasi tukauopoa. Niliposhuka, alisema akiwa bado anatazama maji: "Mguu wa mkwe wangu una nguvu. Tatizo lake hauna macho."

Ndugu msomaji, ukienda Kisumu na familia, usiache viatu vyako nyumbani kwa kuogopa mkasa kama huu; mpira wa ufuoni ni mtamu, na wenyeji ni wakarimu. Ila kagua gundi kabla hujatoka Nairobi, chukua na mpira wa pili, na kama una mama mkwe pande hizo, cheza na suruali ndefu.