Jinsi ya Kumtembelea Rafiki Aliyehamia Ughaibuni, Yaani Kibaha

Kila mkazi wa Dar es Salaam ana rafiki wa zamani aliyehama nchi. Mlipanga naye chumba Tabata, mkachangia jiko na sufuria moja. Siku moja akaadimika mjini, kisha akatuma picha ya msingi wa nyumba na maneno "Mungu ni mwema." Kaenda Kibaha. Mwingine, mwenye roho ngumu zaidi, kaenda Kisarawe. Tangu hapo unamwahidi, "Wikiendi moja nitakuja, ndugu yangu." Dubai umeshafika, Guangzhou umeshafunga mzigo, China yote unaijua kwa maduka. Mwongozo huu ni wa safari ngumu iliyobaki.

1. Jua nchi unayokwenda. Zote mbili ziko Mkoa wa Pwani, ila milango yake ni tofauti. Kibaha hufuatwa kwa Barabara ya Morogoro, kupitia Mbezi. Kisarawe hufuatwa kwa Gongo la Mboto na Pugu. Mwenyeji akisema anakaa Kongowe, muulize ipi, kwa sababu ipo ya Kibaha na ipo ya Mbagala. Wapo waliojua tofauti hiyo wakiwa wameshashuka garini, keki ya sikukuu mkononi.

2. Funga mizigo kwa huruma. Mtu wa Dar huamini kwamba maduka huishia Mbezi. Kwa hiyo beba mkate, sukari, mafuta ya kula na betri za tochi. Shemeji atavipokea kwa mikono miwili, atakushukuru sana, kisha atavipanga pembeni ya mikate aliyonunua asubuhi kwa Mangi, nyumba ya tatu kutoka kwake.

3. Usisinzie mpakani. Ukishaipita Kibamba unaingia Kiluvya. Kata ya Kiluvya ni ya Wilaya ya Kisarawe, hivyo msafiri wa Kibaha hukanyaga nchi ya pili bila kugongewa muhuri. Siku hizi barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha imeharibu kabisa heshima ya safari hii. Zamani foleni ilikupa nafasi ya kupitia upya maamuzi yako ya maisha. Sasa, siku ikiwa njema, unafika Maili Moja hujamaliza hata kulalamika.

4. Pokea maelekezo kwa imani. "Shuka Picha ya Ndege, chukua boda, ni dakika tano tu kutoka lami." Mwenye nyumba yake hapimi umbali kwa kilomita, anaupima kwa furaha. Dakika ya kumi na tano usimuulize bodaboda kama mmepotea. Mwenyeji atapiga simu, "Umeona nyumba ya bati jekundu?" Utaona ishirini. Jibu, "Naiona."

5. Shiriki ziara ya kiwanja. Hiki ndicho kivutio kikuu, na hakina kiingilio. Kabla ya maji ya kunywa utaonyeshwa bikoni zote nne, moja baada ya nyingine, ikiwemo ile iliyo kichakani. Kisha simtanki, kisima, banda la kuku, na mwembe ambao kwa sasa unakufika magotini. Mwisho utapandishwa ngazi inayoishia hewani, katikati ya nondo, uelezwe kwamba umesimama ndani ya chumba cha wageni. Tingisha kichwa. Usiulize ghorofa itakwisha lini. Usiulize kiwanja alinunua kiasi gani. Atakwambia mwenyewe, halafu atakutajia bei ya leo, halafu atanyamaza ili iingie vizuri. Ukikosa la kusema, sifia hewa. Hakuna mgeni kutoka Dar aliyewahi kuondoka Pwani bila kusifia hewa.

6. Tembelea vivutio vingine, kama bado una miguu. Tumbi lipo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, likakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Kwa Mfipa ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022, mali ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Yaani kada anatoka Luanda au Windhoek kwenda kusoma Kibaha, na wewe wa Tabata unasema ni mbali. Aliyeenda Kisarawe atakupeleka kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na kwenye mapango yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo wa kaolini, ambako popo hutoka kwa makundi jua likizama. Piga picha, uziweke status, uandike "Nje ya nchi kidogo."

7. Aga mapema, utaondoka kwa kuchelewa. Ulikuja na mkate. Utarudi na mihogo, maembe na jogoo aliyefungwa miguu. Watoto waliokupokea kwa "Shikamoo, anko" watakusindikiza mpaka kwenye boda. Mwenyeji atasema, "Safari ijayo uje ulale." Sema ndiyo, na safari hii umaanishe.

Ukifika kwako, fungua bomba uoge. Sehemu ya maji ya Dar husafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa Mlandizi, wilayani Kibaha, mwaka 1959. Kwa zaidi ya miaka 60 maji hayo yamekuwa yakija mjini kutoka huko unakokuita ughaibuni, na hayajawahi kudai posho ya safari. Basi mpigie rafiki yako leo umwambie unakwenda Jumamosi, na ukifika uliza kama kiwanja cha jirani yake bado kinauzwa.